Leza kutoka anga za mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulandanisha chombo na kituo cha ardhini

Wengi waliisikia habari hii Desemba 2023, pale video ya sekunde 15 ya paka aitwaye Taters ilipofika duniani kwa leza kutoka Psyche, chombo cha NASA kilichokuwa umbali wa kilomita milioni 31. Magazeti yaliishika kasi: megabiti 267 kwa sekunde. Lakini maswali yanayorudi tangu siku ile yanahusu jambo gumu kuliko kasi, nalo ni hili: chombo na kituo vinakubaliana vipi pa kuangalia, na vinakubaliana vipi juu ya wakati, ilhali ujumbe wenyewe unachukua dakika nzima au zaidi kufika? Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kwenda kwenye yale yanayoumiza kichwa.

## Mambo ya msingi

1. Kulandanisha mawasiliano ya leza maana yake ni nini?

Ni kufanya pande mbili zikubaliane juu ya mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni mwelekeo: mwale wa leza ni mwembamba mno, kwa hiyo kila upande lazima ujue mwenzake yuko wapi, na atakuwa wapi. La pili ni wakati: kituo kijue kila pigo la mwanga limeangukia nafasi gani ya muda, kwa usahihi wa chini ya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. La tatu ni rangi ya mwanga: chombo kinachokimbia hubadilisha kidogo urefu wa wimbi linalofika, na chujio la darubini lazima lifuate badiliko hilo.

Likikosekana moja, mengine mawili hayafai kitu. La wakati ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo nitakalolikalia muda mrefu (maswali ya 9 hadi 14).

2. Kwani redio ina ubaya gani?

Haina. Imetuhudumia tangu satelaiti ya kwanza na bado ndiyo inayobeba amri muhimu za kila chombo, pamoja na kile tutakachokizungumzia hapa. Tatizo ni kwamba mwale wa redio hutanuka sana ukisafiri, na kiasi kikubwa cha nguvu hupotea angani bila kumfikia mtu. Mawimbi ya redio yanayotumiwa sana na vyombo vya anga za mbali yana urefu wa sentimita 3.6 hivi, leza hizi zina mikromita 1.55, yaani fupi zaidi ya mara 20,000. Wimbi likiwa fupi, mwale unaotoka kwenye kioo kidogo unabaki umebanana, na nguvu ileile inafika ikiwa imekolea. NASA inakadiria kwamba leza inaweza kubeba data mara 10 hadi 100 kuliko redio ya kisasa yenye ukubwa na umeme unaolingana nayo.

Faida hiyo ndiyo hiyohiyo inayozaa taabu ya kulenga na kuoanisha saa.

3. Mradi upi umefika mbali zaidi, na ulifanya nini?

Ni DSOC, jaribio la mawasiliano ya leza lililojengwa na maabara ya NASA ya JPL huko California na kupandishwa kwenye chombo cha Psyche. Psyche kilirushwa tarehe 13 Oktoba 2023 kutoka kituo cha Kennedy, Florida, kikielekea kwenye asteroidi ya jina hilohilo iliyo kati ya Mars na Jupita. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo, kikiwa karibu kilomita milioni 16, kilishika leza kutoka duniani na kujibu. Video ya Taters ilifuata tarehe 11 Desemba. Aprili 2024 data ilishuka kwa megabiti 25 kwa sekunde kutoka kilomita milioni 226. Desemba 2024 mawasiliano yalifanyika kwa umbali wa kilomita milioni 494. Jaribio lilifungwa rasmi tarehe 2 Septemba 2025, baada ya vipindi 65 vya mawasiliano.

Halikuzuka tu. Desemba 1992 wataalamu walimulika chombo cha Galileo kwa leza kutoka California na New Mexico, na kamera yake ikaona mapigo hayo hadi umbali wa kilomita milioni 6. Mwaka 2013 chombo cha LADEE kilishusha megabiti 622 kwa sekunde kutoka Mwezini. Ila Mwezi ni sekunde 1.3 tu kwa mwendo wa mwanga. Huko bado unaweza kujifanya kwamba mwenzako yuko pale unapomwona.

4. Dishi la Starlink lililo juu ya nyumba yangu linatumia leza?

Hapana. Kati ya dishi lako na satelaiti ni redio. Leza zipo juu, kati ya satelaiti na satelaiti, ambako hakuna mawingu wala hewa. Swali hili linakuja sana tangu huduma hiyo ifike Kenya mwaka 2023. Leza za huko juu nazo hulengana na kulandanishwa, lakini umbali wake ni wa maelfu ya kilomita, si mamilioni.

## Kulenga na kushikana

5. Chombo kinajuaje Dunia iko wapi hasa?

Kinaonyeshwa. Kwenye mlima wa Table Mountain, karibu na Wrightwood, California, kuna darubini ya mita 1 inayorusha mwale elekezi wenye wastani wa nguvu wa kilowati 5 na urefu wa wimbi wa nanomita 1,064. Chombo kinageuzwa kwa makadirio ya wanaosimamia njia yake hadi Dunia iingie kwenye uwanja wa kamera ndogo iliyo ndani ya darubini yake ya sentimita 22. Kamera hiyo huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja.

Hapo kuna tatizo la wazi: Dunia yenyewe inang'aa kwa mwanga wa Jua, na chombo kinaiona Dunia yote kama kidoa. Kitatofautisha vipi leza na mng'ao wa mawingu ya Pasifiki? Mwale elekezi haubaki umewaka tu. Unawaka na kuzima kwa mpangilio maalumu. Chombo kinatafuta kwenye picha yake doa lenye mpangilio huo, kinalishika, kisha kinaelekeza leza yake kwa kulirejelea. Mpangilio uleule pia hubeba data kidogo ya kupandisha juu. Mwale mmoja unafanya kazi tatu: kuonyesha mahali, kutoa mdundo, na kupeleka ujumbe.

6. Ni kweli chombo hakilengi pale kinapoona kituo?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote upande wa kulenga. Chukua siku ile ya Taters. Mwanga ulichukua sekunde 101 kutoka chombo hadi duniani. Mwale elekezi uliofika kwenye chombo uliondoka duniani sekunde 101 zilizopita, na jibu litachukua sekunde 101 nyingine. Chombo kinaona Dunia ya zamani na lazima kimulike Dunia ijayo.

Tuseme mwendo wa Dunia, ukipimwa kukatisha mstari wa kutazamia, ni kilomita 30 kwa sekunde. Kwa sekunde 202 imesogea kilomita 6,000 hivi, karibu sawa na nusu ya kipenyo chake. Sasa linganisha na upana wa mwale: leza ya DSOC ilitanuka kwa takriban mikroradiani 7, yaani mita 7 kwa kila kilomita 1,000, hivyo kwa kilomita milioni 31 doa lake duniani lina upana wa kilomita 200 hivi. Ukilenga pale unapoona, umekosa kwa upana wa mwale mara 28 au zaidi. Kwa hiyo darubini hupokea upande mmoja na kurusha upande mwingine kidogo, na tofauti hiyo hukokotolewa upya muda wote.

Kituo nacho kinafanya hivyohivyo: kinarusha mwale elekezi pale chombo kitakapokuwa mwanga utakapofika.

7. Chombo kikitetemeka je?

Kila chombo hutetemeka, kwa sababu kina magurudumu ya kujigeuza na mitambo mingine. Darubini ya DSOC ilikaa juu ya mihimili yenye uwezo wa kuitenga na mtetemo wa chombo na kuisahihisha wakati huohuo. Kinachoisahihisha ni doa la mwale elekezi: likihama kwenye kamera, darubini inalifuata.

8. Kwa nini vituo viwili vilivyo mbali, si kimoja?

Kurusha kulifanyika Table Mountain, kupokea kukafanyika kwenye darubini ya Hale ya mita 5.1 huko Palomar, kilomita 130 hivi kusini. Kwa kupokea unahitaji kioo kikubwa kabisa unachoweza kupata, na Hale ilikuwepo tayari. Halafu kilowati 5 za mwanga zikipita hewani, sehemu yake hutawanyika na kurudi chini; kigunduzi kinachohesabu fotoni moja moja hakiwezi kuwekwa kando ya mwanga kama huo bila matata. Wazungu wa ESA, shirika la anga la Ulaya, walipozungumza na Psyche Julai 2025 kutoka Ugiriki, kwa umbali wa kilomita milioni 265, walipanga vilevile: Kryoneri ikarusha, Helmos, kilomita 37 kutoka hapo, ikapokea.

## Saa, mapigo na nafasi

9. Data inapandaje juu ya mwanga?

Kwa wakati wa pigo. Muda hugawanywa katika nafasi fupi zinazolingana. Nafasi 16, kwa mfano, huunda alama moja, na leza hupiga pigo moja tu katika nafasi moja kati ya hizo. Pigo likiangukia nafasi ya 1 ni ujumbe mmoja, ya 2 ni mwingine, hadi ya 16. Chaguo 16 ni sawa na biti 4. Ukitumia nafasi 128, pigo moja linabeba biti 7.

Uzuri wake ni kwamba leza hukusanya nguvu na kuitoa kwa mkupuo. DSOC ilikuwa na wastani wa wati 4, kiasi cha taa ndogo ya LED. Lakini kwa alama ya nafasi 128, pamoja na nafasi 32 tupu zinazoifuata (swali la 11), nguvu ya nafasi 160 inamwagwa kwenye moja: wati 640 kwa kipande kidogo cha muda. Ndiyo maana chombo kikizidi kwenda mbali, alama hurefushwa. Data inapungua, lakini kila pigo linaonekana.

Ubaya wake umo ndani ya uzuri huo. Ujumbe wote ni wakati. Kituo kikikosea nafasi moja, hakijapokea ujumbe hafifu. Kimepokea ujumbe mwingine kabisa.

10. Zile megabiti 267 zilipatikanaje?

Hesabu yake ni fupi na inafaa kuifanya kwa mkono. Nafasi moja ilikuwa nusu ya nanosekunde. Alama ina nafasi 16 za data na 4 tupu, jumla 20, hivyo inachukua nanosekunde 10. Kwa sekunde moja zinaingia alama milioni 100, kila moja na biti 4: megabiti 400. Theluthi moja ya biti hizo ni za kusahihisha makosa. Zinabaki 266.7, na ndizo zilizotangazwa kama 267.

11. Kituo kinajuaje nafasi inaanzia wapi?

Kwa kuyasikiliza mapigo yenyewe. Hakuna waya, hakuna redio ya pembeni inayosema "anza sasa". Mtu anayeingia ngomani hahitaji kuonyeshwa saa ya mpigaji. Anasikiliza kidogo, mguu unashika mdundo, na baada ya hapo hata pigo likikosekana anajua lilipaswa kuwa wapi. Kipokezi kinafanya hivyo kwa fotoni.

Kila fotoni inayogusa kigunduzi cha Palomar ilipewa muhuri wa wakati. Kigunduzi chenyewe ni nyaya nyembamba ajabu zisizo na ukinzani wa umeme, zilizopozwa hadi karibu kelvini 1, yaani nyuzi 272 chini ya sifuri. Fotoni ikigusa, ukinzani unarudi kwa kitambo na mtambo unahisi. Kisha kipokezi kinajiwekea gridi ya nafasi na kuuliza: fotoni nyingi zimeangukia nusu ya kwanza ya nafasi au nusu ya pili? Zikizidi mwanzoni, gridi yangu imechelewa, naiwahisha. Zikizidi mwishoni, naichelewesha. Inarudiwa bila kukoma, na gridi inakaa.

Hiyo ni nafasi. Alama je, inaanzia wapi kati ya nafasi zote hizo? Hapa ndipo nafasi tupu zinapofanya kazi. Baada ya kila nafasi 16 za data huja 4 ambazo leza haipigi kamwe. Kipokezi kinajumlisha alama nyingi na kutafuta sehemu ya mzunguko wa nafasi 20 ambayo daima ni giza. Giza hilo ndilo mpaka. Nafasi hizo nne zinagharimu sehemu moja ya tano ya muda, na kuna wanaouliza kama si hasara. Mimi naona ni bei ya haki: bila mpaka, fotoni zikiwa chache, utakuwa na mapigo yasiyo na maana.

12. Mwendo wa chombo unaharibu nini?

Karibu kila kitu, usipouhesabia. Chombo kikituacha kwa kilomita 30 kwa sekunde, kila pigo linafuata njia ndefu kidogo kuliko lililotangulia, na nafasi zinafika zikiwa zimenyooshwa kwa sehemu moja kati ya 10,000. Inasikika ndogo. Lakini baada ya nafasi 10,000 umeshapotea kwa nafasi nzima, na kwa nafasi za nusu nanosekunde hiyo ni mikrosekunde 5 tu. Kwa sekunde moja umepotea nafasi 200,000.

Tiba ina hatua mbili. Wanaoongoza chombo kwa redio wanajua mwendo wake vizuri sana, hivyo kituo kinaanza na gridi iliyokwisha kunyooshwa kwa makadirio. Kosa dogo linalobaki linamalizwa na kile kipimo cha mwanzo na mwisho wa nafasi (swali la 11).

Mwendo huohuo unagusa rangi. Sehemu moja kati ya 10,000 ya nanomita 1,550 ni nanomita 0.155. Chujio linalozuia mwanga wa Jua hutengenezwa jembamba mno, kwa hiyo badiliko hilo lazima lizingatiwe, la sivyo chujio litakata leza yenyewe.

13. Si waweke saa ya atomiki pande zote mbili, mambo yaishe?

Hayaishi. Hata saa mbili zisizokosea kabisa hazisaidii kama umbali kati yake unabadilika kilomita 30 kila sekunde. Muda wa safari ya mwanga unabadilika mikrosekunde 100 kwa sekunde, na hizo ndizo nafasi 200,000 za jibu lililopita. Lazima ufuatilie.

Saa nzuri ina faida nyingine. Fotoni zikiwa chache, kipokezi kinahitaji kuzikusanya kwa muda mrefu kabla ya kuamua gridi isogee wapi. Kama saa ya chombo inayumba ndani ya muda huo, makusanyo yanatibuka. Saa tulivu inaruhusu subira.

14. Nafasi zimepatikana, alama zimepatikana. Ujumbe unaanzia wapi?

Biti hupangwa kwenye vifungu vya biti 15,120, na mwanzo wa kifungu hutiwa mpangilio maalumu wa mapigo unaojulikana na pande zote. Kipokezi kinautafuta mpangilio huo hadi kiuone ukijirudia kwa umbali uleule. Kwa alama za biti 4, kifungu kina alama 3,780. Baada ya hapo msimbo wa kusahihisha makosa unaanza kazi. Ukirudi kwenye hesabu ya swali la 12 utaona uzito wake: kifungu hicho kinadumu mikrosekunde 37.8, muda unaotosha gridi isiyofuatiliwa kuteleza nafasi saba, na kifungu chote kikapotea.

## Hewa, mawingu na Jua

15. Mawingu yakifunga?

Mawasiliano hakuna. Wingu zito linaziba leza hii, na hakuna ujanja wa saa utakaolitoboa. Dawa ni kuwa na vituo vingi kwenye hali tofauti za hewa. Mtambo wa majaribio wa NASA wa LCRD, uliopandishwa kwa satelaiti Desemba 2021, una kituo kimoja Table Mountain na kingine Haleakalā, Hawaii, kwa sababu hiyo. Chombo kinatunza data kwenye kumbukumbu na kusubiri. Na redio inabaki palepale.

16. Anga likiwa safi, hewa bado inasumbua?

Sana. Hewa ya joto na baridi ikichanganyika hufanya nyota zimetemete, na leza humetameta vivyo hivyo: nguvu inapanda na kuzama ndani ya milisekunde. Katika mzamo mmoja mamia ya vifungu yanaweza kupotea. Kwa hiyo kabla ya kurusha, chombo hutawanya data ya kila kifungu kwenye muda mrefu zaidi, hata sekunde kadhaa. Mzamo ukija unang'ata kidogo kidogo kila kifungu badala ya kumeza vizima, na msimbo unaziba mapengo.

Gridi ya wakati nayo lazima ivumilie. Mwanga ukififia, kipokezi kizuri hakikimbilii kutafuta upya. Kinaendelea kuhesabu kwa mdundo wa mwisho hadi mwanga urudi. Kwa kwenda juu, kituo hutumia miale kadhaa inayopita njia tofauti kidogo za hewa, ili yote isizame kwa mpigo mmoja.

17. Inawezekana mchana?

Inawezekana, kwa shida zaidi. Anga la mchana linamwaga fotoni zisizohitajika kwenye kigunduzi. Chujio jembamba linaondoa nyingi, na nafasi fupi za muda zinasaidia pia, kwani fotoni za Jua hutawanyika ovyo huku za leza zikiangukia kwenye gridi. Chombo kikionekana karibu sana na Jua, darubini haiwezi kuelekezwa huko kabisa na mawasiliano husimama hadi chombo na Jua viachane angani.

## Maswali ya pembeni

18. Dakika zinapita kabla jibu lifike. Wanaulizanaje "umenipata"?

Hawaulizani. Kwa kilomita milioni 226 mwanga unachukua zaidi ya dakika 12 kwenda tu. Kila kitu hupangwa mapema: saa ya kuanza, urefu wa nafasi, idadi ya nafasi kwa alama, kiasi cha kusahihisha makosa. Chombo kinaona mwale elekezi, kinaanza kurusha, na kituo kinatakiwa kiwe tayari.

Karibu na Dunia ni habari nyingine. Satelaiti ndogo ya TBIRD, iliyorushwa Mei 2022 kwenye njia ya chini, ilishusha gigabiti 200 kwa sekunde mwaka 2023, na kituo kiliweza kuomba kipande kilichoharibika kitumwe tena ndani ya kipindi kilekile.

19. Kwa nini mifumo mingine haitumii mapigo?

Kwa sababu ina mwanga wa kutosha. Mtandao wa Ulaya wa EDRS, ambao satelaiti yake ya kwanza ilipanda Januari 2016, hupeleka gigabiti 1.8 kwa sekunde kwa kugeuza awamu ya wimbi lenyewe, yaani hatua ambayo mtikisiko wake umefikia. Kipokezi kina leza yake, na ulandanishi wake ni wa kuilazimisha leza hiyo iende sambamba na wimbi linaloingia, mtikisiko kwa mtikisiko. Mfumo huo hauna hata mwale elekezi. Satelaiti hizo hutafutana kwa kuzungusha mwale wa mawasiliano hadi zikutane. Ukiwa na fotoni chache kutoka kilomita milioni 400, njia hiyo haiwezekani. Kuhesabu mapigo ndiko kunakobaki.

20. Kama saa zinaoanishwa hivi, mbona wasipime umbali kwa njia hiyo?

Wanapima. Jaribio la Mwezini la 2013 lilionyesha kwamba mapigo yaleyale yanayobeba data yanaweza kutoa umbali kwa usahihi wa sentimita. Chombo cha LRO kinachozunguka Mwezi kilipokea mapigo ya leza kutoka duniani kuanzia 2009, ili kulinganisha saa yake na za ardhini. Aprili 2025 mtambo wa ACES ulipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga ukiwa na saa za atomiki na kifaa cha kuzilinganisha na saa za duniani kwa leza.

21. Leza ya kilowati 5 haihatarishi marubani?

Swali la haki, kwani mwanga huo hauonekani kwa macho. Kituo hutazama anga kinalorushia na kuzima leza ndege ikikaribia, na urushaji huratibiwa na mamlaka za anga. Marekani pia ina ofisi inayokagua ratiba ili leza isipige satelaiti za watu wengine.

22. Afrika Mashariki tuna nafasi gani?

Kituo cha Luigi Broglio kilicho Ngomeni, karibu na Malindi, kimefanya kazi na vyombo vya angani tangu miaka ya 1960, na satelaiti ya Uhuru iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Kazi yake ya kufuatilia roketi na satelaiti ni ya redio. Leza ya mawasiliano kwenye ukanda wetu imeonekana zaidi chini, si juu: mwaka 2021 mradi wa Taara uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwale uliovuka Mto Kongo, kilomita 4.8, kwa hadi gigabiti 20 kwa sekunde. Hapo pia kulikuwa na kulenga na kufuatilia, lakini pande zote mbili zimesimama, hivyo maswali ya 6 na 12 hayapo.

Kwa kituo cha anga za mbali, watu hutaja Kilimanjaro na Mlima Kenya kwa urefu wake. Urefu hautoshi, milima hiyo hufunikwa na mawingu mara nyingi mchana. Kinachotafutwa ni mbingu safi kwa sehemu kubwa ya mwaka, hewa kavu na tulivu, umeme wa uhakika na barabara. Mimi ningeanza kutazama nyanda kavu za kaskazini mwa Kenya, na kazi ya kwanza isingekuwa kununua darubini bali kuweka kamera ya kuhesabu mawingu, usiku na mchana, kwa miaka miwili au mitatu.